Sheria Haikai Kilio

Katika familia yetu, mtu aliyesoma Lettres ni mtu wa kuandika barua. Nilipomaliza chuo kikuu nilijaribu kueleza kwamba Lettres ni fasihi, ni lugha, ni vitabu vya watu waliokufa zamani. Baba mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, akaridhika kabisa, akasema, "Vizuri. Sasa hatutasumbua tena katekista." Tangu siku ile nimeandika barua za kuomba kiwanja, barua za uchumba, na barua ndefu kwa chifu nikithibitisha kwamba ng'ombe waliokula mahindi ya jirani walikuwa ng'ombe wa jirani mwenyewe. Nafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ya Bweremana, kando ya ziwa, na huandika makala ambazo marafiki zangu husema watazisoma. Lakini sifa niliyo nayo huko Masisi sikuipata kwa makala. Niliipata kwa kujua mahali pa kuweka "Monsieur le Chef" na mahali pa kuweka "salutations distinguées".

Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Mubi, sikushangaa alichotaka.

"Kaka, nataka uniandikie barua."

"Ya nini tena, shemeji?"

"Ya kushitaki. Ule muntu alipasua bwana yangu."

Bwana yake alikuwa mdogo wangu. Aliteremka kutoka malisho ya Masisi akiwa kijana, akafika Mubi, mji wa barabara ya msituni ambako malori na pikipiki huenda na kurudi machimboni, akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Huko akaoa binti wa Walikale, mtoto wa wawindaji na wakulima wa msitu. Kwetu huku juu, ambako ng'ombe akipiga chafya watu hukutana, habari hiyo ilipokelewa kwa swali moja tu: "Anakunywaka maziwa?" Hakuwa anakunywa. Yalimsumbua tumbo. Jambo hilo lilisamehewa kwa maneno, ila si kwa moyo.

Kisha mdogo wangu akapata ugonjwa wa ngiri. Hakutaka kwenda hospitali, kwa sababu duka lingefungwa. Palikuwa na kituo kidogo cha binafsi pale pale Mubi, chumba na sebule, na mwenyewe alivaa koti jeupe na kuitwa docteur na kila mtu, bila yeyote kujua nani alianza kumwita hivyo. Akampasua asubuhi. Mchana damu ilikuwa bado inatoka. Shemeji aliomba mgonjwa apelekwe hospitali, koti jeupe akasema tungoje itulie. Jioni ilitulia, na mdogo wangu akatulia nayo.

Mtu yule alipoulizwa na jamaa zangu kwa simu, alijibu kwa upole wa mtaalamu: operesheni ilikwenda vizuri sana, shida ni chakula alicholetewa kutoka nyumbani. Walimletea nyama ya pori kabla ya kidonda kukauka.

Hakuhitaji kuongeza neno. Kule Masisi watu walimalizia wenyewe.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya ukoo wetu, maana bila hiyo habari yote haieleweki. Kwetu, kilio kisipoondolewa, hakuna anayetaja kilichomuua marehemu. Siku ya kuondoa kilio ndipo wanawake hunyolewa, mzee wa ukoo husimama, na mjane huulizwa mbele ya pande zote mbili: "Mutoto wetu alikuachia neno gani?" Hapo kinywa kinafunguliwa. Yeye hujibu, na baada ya hapo mambo ya marehemu yanaweza kujadiliwa: mali, madeni, watoto, lawama. Kabla ya hapo, kimya. Ni desturi yenye hekima. Inazuia watu kutupiana mawe wakiwa bado na machozi machoni.

Ila ina tundu moja. Inakataza kutaja chanzo cha kifo kwa sauti. Kwa mnong'ono haikatazi. Basi mama akamnong'oneza mama, na mnong'ono ukavuka milima na misitu kufika Mubi kwa kasi ambayo hakuna pikipiki imewahi kuipata. Shemeji alikuwa mlozi. Shemeji alimlisha mumewe kitu. Na kwa kuwa hakuna aliyemshtaki rasmi, hakuwa na mahali pa kujibu.

Kuondoa kilio kulihitaji pande mbili zikutane kaburini, Mubi. Barabara kati ya Masisi na Walikale ilifungwa na vita, ikafunguka kidogo, ikafungwa tena. Kila mara baba mkubwa alisema tungoje. Tukangoja. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu ulikuwa umekwisha kuzeeka siku shemeji alipopiga simu.

"Kaka, miye sitafute franga, sitafute pesa," aliniambia. "Nataka tribunal iulize: nani aliua huyu muntu? Ikuwe miye, banifunge. Ikuwe ule, bamufunge. Lakini iulizwe."

Nikamwambia nitaandika barua nzuri. Kwa fahari isiyo na sababu, nikaanza kufikiria sentensi ya kwanza.

Bahati njema nilimpigia kwanza rafiki yangu, tuliyeishi naye chumba kimoja chuoni. Tulianza sheria pamoja. Yeye aliendelea akawa wakili. Mimi baada ya mwaka mmoja nilikimbilia Lettres, nikiwa na maneno machache ya Kilatini ambayo hadi leo nayatumia kuwatisha wazazi wa wanafunzi.

"Alikufa lini?" ndilo swali lake la kwanza.

Nikamwambia.

"Wee! Na mulikuwa munafanya nini muda huo wote?"

"Kilio hakijaondolewa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza. Kuua kwa uzembe, bila kukusudia, ni kosa ambalo sheria yetu inaipa parquet, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, miaka mitatu ya kulishughulikia. Hesabu inaanza siku ya kosa. Haianzi siku ya kuzika wala siku ya kuondoa kilio. Miaka hiyo ikipita bila magistrat wa ofisi hiyo kufanya jambo lolote la upelelezi, mlango unafungwa. Kudai fidia mbele ya jaji wa madai, hiyo ina muda wake mwingine, mrefu mno, miaka thelathini. Lakini kumwita mtu ajibu kwamba ameua ni mitatu tu.

"Na vita je? Barabara ilifungwa."

"Unaweza kujaribu kumwambia jaji. Mmoja atakusikia, mwingine atakuambia simu zilikuwa zinapita. Usijenge nyumba juu ya hiyo."

"Basi naandika barua leo."

"Andika. Lakini usikie vizuri, muntu wa Lettres: barua yako peke yake haisimamishe saa. Kinachosimamisha saa ni kazi ya magistrat. Amusikilize mujane na kuandika maneno yake mu procès-verbal, ao amuite ule muntu kwa mandat, barua ya mwito. Usitoke pale na tampon tu, muhuri juu ya karatasi, ukifurahi kama muntu amebatizwa."

Ulibaki mwezi na siku kidogo.

Shemeji angeweza kwenda parquet peke yake siku ile ile. Sheria haimwombi ruhusa ya baba mkubwa. Nilimwambia hivyo, nikidhani namletea habari njema.

"Kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, "nikienda kilio hakijatoshwa, nitashinda ule docteur, na nitapoteza ninyi. Batasema: muone, mulozi amekimbilia kwa serikali. Nifanye nini na jugement, kama mama mukwe hataniitika salamu?"

Basi kazi ilikuwa hiyo: kilio kiondolewe, au kitoshwe kama wasemavyo kwetu, kabla sheria haijafunga mlango. Niliitisha mkutano wa familia kwa simu. Baba mkubwa alikuwa Kingi, kijijini kwetu karibu na Masisi-centre, amezungukwa na jamaa, simu ikiwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

"Baba," nikasema, "kuna shida moja kubwa inaitwa prescription."

"Tunajua," baba mkubwa akajibu mara moja. "Iko. Ule docteur aliandika prescription, shemeji yako alitutumia hata foto. Dawa mbili hazikupatikana."

"Hapana, baba. Hii si ya dawa. Hii ni prescription ya sheria. Ni kama... ni muda. Kesi inakufa."

"Kesi inakufa juu ya kukosa dawa?"

Nikasikia mtu nyuma yake akisema, "Professeur amechoka." Hivyo ndivyo wanavyoniita.

Hapo nikafanya kosa la wasomi: nilipoona sijaeleweka, nikaongeza maelezo. Nikawagawia aina za mashtaka. Nikawaambia ya jinai ina miaka mitatu, na ya madai ina miaka thelathini, kwao makumi tatu.

Furaha kubwa upande wa pili, watu wakipigana makofi viganjani.

"Makumi tatu!" baba mkubwa akasema. "Professeur, sasa unatukimbiza wapi? Barabara itafunguka hata mara kumi."

"Baba, ile ni ya fidia! Ya fidia!"

"Ah, mutoto. Yote si ni kesi?"

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni kidole chake. Nimefundisha miaka mingi na natambua darasa lililonishinda. Nikaona hapa haifai simu. Nikapanda Kingi.

Kutoka Bweremana hadi Kingi si mbali kwa anayesoma ramani. Kwa anayepanda pikipiki nyuma ya kijana anayeimba, na kushuka kila penye kamba iliyofungwa barabarani kueleza anakwenda wapi na kwa mama wa nani, ni safari. Nilifika na tope hadi kwenye miwani. Mama alikuwa amemaliza kupeleka maziwa barabarani, madumu yamerudi matupu. Kichwani alikuwa na kile kitambaa cheusi alichokivaa siku mdogo wangu alipokufa, kimepauka kwa mvua na jua hadi kikawa rangi ya majivu.

Baba mkubwa aliketi mlangoni, buti miguuni, kofia kichwani, fimbo magotini. Ndiye kaka ya marehemu baba yetu, ndiye mwenye neno.

"Umekuja na makumi tatu yako?" akaniuliza.

"Nimekuja bila chochote, baba. Nimekuja kuomba."

Nikamweleza tena, safari hii bila Kifaransa. Nikasema: serikali imeweka siku. Siku hiyo ikipita, hata koti jeupe akikiri kwa kinywa chake, parquet haitamgusa. Atapasua wengine. Alinisikiliza, akichora mistari kwa fimbo kwenye tope.

"Sasa hiyo sheria," akasema, "haikujua kama tuko kwenye kilio?"

"Sheria haikai kilio, baba."

"Haikai?"

"Haikai."

"Basi haina adabu."

"Haina hata kidogo."

Tulikubaliana hapo kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kiasi kwamba karibu nisahau tulikuwa hatujasogea hata hatua moja. Ni mama aliyetusogeza. Alikuwa akisuuza madumu, mgongo wake kwetu.

"Kesi njo inaharibika kama maziwa," akasema. "Si hivyo, Professeur?"

"Hivyo kabisa, mama."

"Hata mashanza haifanyike?"

Mashanza ni maziwa yetu ya mgando, chakula cha heshima. Maziwa yaliyokosa mnunuzi leo huwa mashanza kesho, na hakuna kilichopotea.

"Hata mashanza, mama. Inamwagwa tu."

Akainua dumu, akalitikisa, akaliweka juani. "Basi tutoshe kilio."

"Barabara imefungwa," baba mkubwa akasema. "Kaburi iko Mubi. Tutatosha kilio ya muntu akiwa kule, sisi huku?"

"Kaburi iko kule, mama yake iko huku. Nitanyolewa hapa. Mukamwana wangu atanyolewa kule. Utaongea na telefone."

"Na telefone!" Baba mkubwa alisimama. "Kilio na telefone? Nani aliona hiyo?"

Mama aligeuka sasa. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti mbele ya shemeji yake mkubwa, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Kifo ilikuja na nini? Si ilikuja na telefone? Nilikuwa hapa, na dumu mukononi. Tulianza kulia na telefone. Tutanyamaza na telefone."

Baba mkubwa alikaa tena. Akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba mababu walimwachia humo maagizo. Kisha akaniuliza swali lililonionyesha kwamba tumeshinda:

"Batterie itafika mwisho?"

Ilibidi mtu awe Mubi upande wa mjane kwa niaba yetu, na mtu huyo, kwa kuwa ndiye aliyeleta haraka, alikuwa mimi. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa. Nikazunguka kusini, upande wa Bukavu, kisha Hombo, kisha msitu, safari ambayo sitaieleza kwa sababu kila mtu wa kwetu ana yake na ya kwake ni mbaya zaidi. Nitasema tu kwamba nilikuwa na barua mfukoni, nimeiandika kurasa sita, na kila lori liliponasa tope niliitoa nikairekebisha. Nilipofika Mubi ilikuwa bora sana.

Shemeji alinipokea bila machozi. Alikuwa amekonda, lakini duka lilikuwa wazi, minyororo ya pikipiki imening'inia mlangoni, naye alikuwa akibishana na mteja juu ya plagi. Alipomaliza, akafunga, akanipa maji ya kuoga, akasema, "Kaka, unanuka Hombo."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kaburini pamoja na mama yake mzazi na jamaa zake wachache, watu wa msitu wenye maneno machache. Kabla ya kuondoka nyumbani walimwaga pombe ya ndizi kidogo mlangoni, na mmoja wao akasali kwa jina la Yesu. Hayo mawili yalikwenda pamoja bila kugombana. Mtandao Mubi hupatikana kwa kupenda kwake. Tulitafuta mahali, tukapata: hatua chache kutoka kaburini, juu ya kisiki. Nikapanda kisiki na simu juu ya kiganja, mwalimu mzima, kama mtu anayeuza mayai.

"Allo! Allo, baba!"

"Tuko hapa. Mama yako iko kwenye kiti."

"Na huku shemeji iko kwenye kiti."

"Basi munyoe."

Nikasikia wembe mara mbili: hapa, na mbali sana, ndani ya simu. Mama yake shemeji alinyoa polepole, nywele zikianguka mabegani. Kule Kingi mtu alisema, "Inamisha, mama, inamisha," na sauti ya mama yangu ikajibu, "Usinifundishe, nilikuzalisha." Watu walicheka pande zote mbili za vita. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichoondoa kilio. Mengine yalikuwa utaratibu.

Kisha baba mkubwa akakohoa. Akasema maneno ya ukoo, ambayo si ya kuandika. Akamalizia kwa swali.

"Mukwe. Mutoto wetu alikuachia neno gani?"

Shemeji alisimama, kichwa kinang'aa. Alikuwa amengoja swali hilo miaka miwili na karibu wa tatu wote, nami nilihofia atalipuka. Alijibu kama mtu anayetoa ripoti.

"Baba, hakuniachia neno. Alilala tangu bamupasue, hakuamuka. Nilimupikia kuku, supu, nikatia mu thermos. Nilifika, docteur akasema hawezi kula, iko analala. Nikaketi na ile thermos juu ya magoti. Damu ilipita mu matela, ikaanguka chini. Nikasema tumupeleke hospitali, akasema tungoje. Alikufa. Nilirudi nyumbani na supu yote. Nyama ya pori haikukuwa. Hata kuku hakuonja."

Simu ikanyamaza. Nikaiangalia: mstari mmoja wa mtandao.

"Allo? Baba? Allo?"

"Niko. Usipige kelele."



"Mukwe," baba mkubwa akasema, "juu ya nini hukusema?"

"Baba, hakuna muntu aliniuliza."

Betri, ambayo tuliihofia sana, ilikuwa nzuri. Alipojibu alisema tu, "Kinywa kimefunguliwa. Muende." Nyuma yake mama yangu alikuwa amekwisha kuanza kulia, kilio kingine, kipya, naye mtu mmoja akamkemea kwa upole kwamba kilio kimeondolewa, naye mama akajibu kwamba hiki si kile.

Tukaenda Walikale-centre kwa pikipiki, mimi na shemeji, yeye na kichwa chake kipya ndani ya kitambaa cheupe. Zilibaki siku chache. Nilikuwa na uhakika wa mtu aliyejiandaa: barua, cheti cha kifo, mashahidi wawili wa Mubi waliokubali kuja. Tukaingia parquet. Karani akatuangalia, akaangalia barua yangu, akaigeuza nyuma aone kama inaendelea. Ilikuwa inaendelea.

"Nani aliandika hii yote?"

"Ni mimi," nikasema, nikingoja sifa.

"Papa, magistrat atasikiliza mama na kinywa. Hii tutaweka mu dossier." Akaipiga tampon, akanipa nakala. "Mumemaliza. Muende murudi wiki ijayo."

"Hatutoke hapa na tampon tu," nikasema. "Magistrat iko wapi?"

"Iko kwenye kilio."

"Kwenye nini?"

"Kilio. Baba mukwe wake amekufa, kule kijijini. Papa, hata magistrat anafiwaka."

Shemeji aliniangalia. Nilijua anachofikiria, nami nilimwomba kwa macho asikiseme. Akakisema. "Kaka, si ulisema sheria haikai kilio?"

Tulingoja. Tulilala kwa jamaa yake, tukarudi kila asubuhi, tukakaa kwenye benchi ya nje. Karani alituzoea akaanza kutuletea karanga. Nilipanga hotuba za kumkabili magistrat, kuhusu wajibu wa umma, kuhusu roho ya sheria. Shemeji alikuwa akisuka kikapu. "Atakuja," alikuwa akisema. "Kilio ya baba mukwe haimalize wiki. Ingekuwa baba yake mwenyewe, njo tungeogopa." Aliijua hesabu hiyo kama mimi nijuavyo vitenzi vya Kifaransa, na alikuwa sahihi. Magistrat alikuja siku zikiwa bado zimebaki, utepe mweusi mkononi, mtu wa makamo kama mimi mwenye uchovu wa heshima. Karani alimnong'oneza tarehe. Akavaa miwani akasoma, si barua yangu, bali cheti cha kifo, akahesabu kwa vidole vyake juu ya meza, akasema, "Ingieni sasa hivi."

Alimsikiliza shemeji kwa procès-verbal, karani akiandika kwa mkono. Nikaona wino ukianza kutembea kwenye karatasi, nikamkumbuka rafiki yangu, nikajua kwamba saa imesimama. Hakuna aliyepiga kengele. Nilitaka kumpa mtu mkono, sikumwona wa kumpa.

Magistrat akaandika pia mandat ya kumwita koti jeupe. Kisha akauliza, "Mama, ule muntu atasema ulimulisha bwana yako. Atasema familia ya bwana hata haikukuja kushitaki. Familia inasema nini?"

Shemeji alinigeukia. Mimi ni familia, nikafungua kinywa. Magistrat akainua mkono. "Hapana, papa. Yule mukubwa."

Nikampigia baba mkubwa. Simu ikawekwa mezani, kati ya mihuri na chai ya karani. Magistrat akajitambulisha, akauliza taratibu: je, familia inamshuku mjane?

"Chef," baba mkubwa akasema, "mulozi hatumutume parquet. Mulozi tunamufukuza. Huyu ni mukwe wetu. Sisi njo tumemutuma."

"Asante, mzee."

"Na umuulize juu ya supu."

"Amekwisha kuniambia juu ya supu."

"Vizuri. Basi sina ingine."

Tangu siku hiyo kesi inakwenda kwa mwendo wake, na mwendo huo si wa kusifiwa. Koti jeupe ameitwa, amekuja, ameanza kusema kwamba hakuwahi kujiita docteur. Kituo chake kimefungwa kwa sasa. Sijui itaishaje, ila najua kwamba mlango hautafungwa tena kwa sababu ya tarehe.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Karani alisoma procès-verbal kwa sauti, kama inavyotakiwa, akampa shemeji kalamu atie sahihi. Shemeji hakuichukua.

"Haiko pale," akasema.

"Nini haiko?"

"Ya kwamba bamenituma. Papa mukwe amesema bamenituma. Andika."

Karani alieleza kwa subira kwamba hayo hayana faida kisheria. Mjane anaweza kushitaki kwa jina lake mwenyewe, kutumwa au kutotumwa hakubadilishi chochote. Alikuwa sahihi. Nami, kwa mwaka wangu mmoja wa sheria, nilianza kumweleza shemeji jambo hilo hilo.

"Kaka, nyamaza kidogo," akasema, akamrudia karani. "Andika, papa. Sitatia sahihi bila hiyo."

Karani alimwangalia magistrat. Magistrat aliangalia utepe wake mweusi, akaunyoosha.

"Andika," akasema. "Pembeni, kuna nafasi."

Akaandika pembeni, herufi ndogo zikipanda juu kwa kukosa nafasi: ametumwa na familia ya mume wake. Shemeji alimwomba amsomee. Akamsomea. Akamwomba tena, polepole. Kisha akachukua kalamu, akavua kitambaa kwa sababu ya joto, akainama juu ya karatasi.